Inanga Juu ya Goti Langu

Masikio yangu yaliliwa na mashine ya kusaga, na sioni haja ya kumlilia mtu. Mashine hiyo hiyo ndiyo iliyonijengea nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Kasulu, ikasomesha watoto wangu mpaka wakajua njia ya kuondoka. Mimi mwenyewe niliishia darasa la tatu. Injini sikufundishwa na mtu. Nilimwangalia fundi mmoja mlevi kutoka Kigoma akiifungua, na ilipoharibika tena niliifungua mwenyewe. Kabla yangu, wanawake wa mtaa wetu walikuwa wanapiga magoti kwenye jiwe la kusagia tangu alfajiri. Mimi ndiye niliyewainua. Anayebisha aje nimwonyeshe mahali mashine ya kwanza ilipofungwa, udongo bado una mafuta.

Ukikaa karibu na injini ya dizeli umri mzima, sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka. Ndege walianza. Wakafuata watoto, kisha wanawake. Nzito zinabaki: radi, lori, ng'ombe, mtu mwenye kifua kikubwa akisogea karibu. Kwa hiyo mashine nilikuwa naisikiliza kwa kiganja. Naweka mkono juu ya bodi lake, nafumba macho, naambiwa kila kitu: beringi inakauka, mkanda umelegea, nyundo moja ya ndani imelika. Wateja walikuwa wanacheka kwamba mzee anaibembeleza kama mtoto mchanga. Wacheke. Haikuwahi kunizimikia siku ya gulio.

Kwa habari za watu nilikuwa na mke wangu. Kanisani kwetu wanaume wana upande wao na wanawake wao, lakini mimi nilikaa upande wa wanawake, kulia kwake, kwa sababu sikio lililobaki lilikuwa la kushoto. Padri akisema, yeye ananirudishia sikioni, nyuma kwa sentensi moja. Amina yangu ilikuwa inakuja wakati wengine wameshakaa. Waliizoea. Nadhani kuna waliokuwa wanaingoja.

Alifariki masika ya mwaka juzi. Jumapili iliyofuata nilikwenda kukaa upande wa wanaume, nikatazama mdomo wa padri ukifunguka na kufungwa. Tangu hapo watu wananisemesha kwa mikono, au hawanisemeshi. Watoto wanapiga simu kutoka Dar es Salaam na Mwanza. Najua wanauliza kama nasikia. Nasema nasikia. Halafu nasema Mungu awabariki, nakata, maana sijui kama wamemaliza.

Redio ilikuwa yake. Huku kwetu juu stesheni za ng'ambo, za Burundi, zinaingia bila shida, na yeye alipenda kuzisikiliza akichambua maharage. Mimi nilizaliwa ng'ambo hiyo, nikavushwa mgongoni mwa mama wakati wa kukimbia. Kirundi ndicho nilichonyonya. Uraia wa hapa ninao, karatasi ninayo, na mtu akiniita mkimbizi namwonyesha mlango. Kuhusu muziki wa kule nilijua kitu kimoja, kile kinachojulikana na kila mtu: ngoma. Ngoma kubwa, wanaume wanaruka. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Jumapili moja mchana niliichukua ile redio nijue kama betri zimekufa. Nikaibana kwenye sikio la kushoto. Kulikuwa na kamba. Kamba nene, zinapigwa polepole, chini, chini kabisa, pale pale ambapo masikio yangu bado yana nafasi. Zinatembea kidogo, zinarudi, zinangoja, zinatembea tena. Sikuwa nimesikia kitu kizima kwa muda mrefu. Watu nawasikia vipande, kengele naisikia nusu. Hiki nilikisikia chote, mwanzo mpaka mwisho, nimesimama katikati ya chumba na redio usoni kama mtu anayeumwa jino.

Kesho yake nilikwenda sokoni kwa rafiki yangu anayeuza simu na redio. Ni Mwislamu, babu yake alikuja kutoka pwani na biashara ya chumvi, naye ndiye mtani wangu mkubwa mjini. Anajua kuninong'oneza kwa kupiga kelele.

"Shikamoo mzee wa unga," akaniambia, mdomo sikioni. "Leo umeleta nini kimekufa?"

"Hakuna kilichokufa. Kuna muziki nautafuta."

"Wewe? Muziki?"

Nikamwimbia zile kamba kwa koo langu. Akaweka mkono mdomoni, akawaita na wenzake wa kibanda cha pili waje waone. Nikaendelea mpaka wakachoka kucheka. Mmoja wao, anayeuzia Warundi wa kambi ya wakimbizi, akatikisa kichwa akasema, hiyo ni inanga. Rafiki yangu akaingia kwenye kompyuta yake, akatafuta, akaweka moja kwenye spika kubwa ya nje, ile ya kutangazia bei. Ndiyo hiyo hiyo. Niliijua kwenye mbavu kabla ya sikio. Akaongeza sauti anisaidie, ikageuka mkoromo. Nikamwambia apunguze. Akapunguza, akakaa akisikiliza, uso wake ukabadilika.

"Mzee," akasema, "huyu mtu ana maneno."

"Maneno gani? Nasikia kamba."

"Anaimba. Ila ananong'ona. Kamba zinaimba wimbo, yeye ananong'ona humo ndani."

"Anasema nini?"

"Mimi nitajuaje? Kirundi chako hicho, si changu."

Nilikaa kwenye kile kiti chake cha plastiki. Anayesikia hajui lugha, na mwenye lugha hasikii. Angekuwepo mke wangu, lingekuwa jambo la dakika moja.

Alinijazia kadi ya simu inanga zote alizozipata, nami nikazisikiliza nyumbani wiki nzima, moja moja. Hapo ndipo nilipoanza kujua jinsi nilivyokuwa mjinga wa nchi niliyozaliwa. Kuna wapigaji wanaokwenda kama ng'ombe wanaorudi jioni, hawana haraka na hakuna anayewaswaga. Kuna wanaojikwaa makusudi. Kuna mmoja anakaa kwenye kamba mbili tu mpaka unataka kumwambia songa, halafu anasonga. Lakini ya ile Jumapili ndiyo niliyokuwa narudi kwayo, na kila nikirudi nilijua kuna mtu anasema na mimi kwa lugha ya mama yangu, na simpati.

Hospitali nilikwenda kwa ajili hiyo. Daktari alinipima, akaniandikia kwa herufi kubwa niweze kusoma: la kushoto nalo linaondoka. Akanipa kifaa cha kuweka sikioni nijaribu, kikanipigia filimbi tu, nikamrudishia. Nikamuuliza, nina muda gani? Akainua mabega. Ni mtu mkweli, nilimheshimu kwa hilo. Nikatoka pale nimeamua. Maneno ya ule wimbo nitayapata wakati bado kuna sikio la kuyawekea.

Wenye Kirundi wa hapa mjini niliowachezea ule wimbo waliambulia neno moja moja tu, kunong'ona hakuvuki spika; ilibidi nimpate mpigaji. Wapigaji wa inanga hawapatikani tena kila mahali. Nina mzazi mwenzangu Kibondo, baba wa mke wa mwanangu, ananunua maharage kule Mabamba mpakani na anawajua watu wa pande zote mbili. Nikapanda basi kwenda kwake. Alipojua kilichonileta alicheka mpaka akashika ukuta.

"Umetoka Kasulu kuja kumsikiliza mtu anayenong'ona," akaniambia sikioni. "Wewe. Kesho utamleta kipofu sinema."

"Unamjua mpigaji au humjui?"

"Namjua. Yuko ng'ambo, siyo mbali na mpaka. Lakini ni mkali, hapendi wageni wa kupiga picha."

"Mimi sina cha kupiga picha."

Hakuweza kunisindikiza, mzigo wake ulikuwa unapimwa siku hiyo. Alinipeleka mpaka Mabamba na kunielekeza, akamweleza mwenye pikipiki wa upande wa pili, akarudi kwenye magunia yake. Mpakani afisa aliniuliza ninakwenda kufanya nini. Nilimwomba arudie. Akarudia kwa sauti ambayo foleni nzima iligeuka.

"Nakwenda kusikiliza inanga," nikasema.

"Biashara?"

"Kusikiliza."

Akanitazama, akatazama hati, akaandika. Nikachungulia. Ameandika kwamba natembelea ndugu. Nikamwambia kule sina ndugu, wote waliisha. Akanipa hati yangu. "Mzee, nimeshaandika. Pita."

Basi nikaingia nchi niliyozaliwa kama mgeni, natembelea ndugu ambao hawapo. Migomba ni ile ile ya kwetu, udongo ni ule ule mwekundu. Nilitegemea kitu kitanishika kifuani. Hakikunishika. Nilifikiria tu kama pikipiki ina mafuta ya kutosha.

Mpigaji tulimkuta amekaa nje, anakata tumbaku ya ugoro. Rika langu, au ananizidi kidogo, mwembamba, na sauti nzito, nikamshukuru Mungu kwa hilo. Mke wake alileta kigoda na pombe ya ndizi. Tulisalimiana kwa Kirundi, amahoro, nikataja ukoo wa baba yangu, akatikisa kichwa kwamba aliwahi kuusikia, basi.

"Kasulu hamna muziki?" akaniuliza.

"Upo wa harusini. Unapigwa mpaka meno yanacheza."

Hapo akatabasamu kidogo. Nikatoa simu, nikamchezea ile ya Jumapili. Hakuchukua muda. Akainua mkono nizime.

"Huyo ndiye aliyenifundisha," akasema. "Amekufa zamani. Huo wimbo ninao."

Nikamwambia ndio ulionileta. Sikumwambia habari ya masikio. Niliona aibu, kusema kweli, na pia nilikuwa na hesabu yangu: nikikaa karibu vya kutosha, mtu akiwa mbele yangu kabisa, nitapata.

Tukaingia ndani. Inanga ni ubao mrefu uliochongwa ukawa na tumbo, kama sinia refu la mbao, na kamba zake ni uzi mmoja tu unaopitishwa huku na huku kwenye meno ya ncha zake. Aliipakata. Mke wake akaepua chungu motoni, akafukuza kuku, akafunga mlango wa nyuma. Pombe ikawekwa mbali. Nikauliza kwa nini, akaniambia inanga ikianza hakuna kunywa, kutoka wala kukohoa. Ngoma zilikuwa za uwanjani, kila mtu azisikie hata asiyetaka. Inanga ilikuwa ya ndani, ya mwami, mfalme wa kule, akiwa ameshavua mambo yake na kukaa kama mtu.

Akaanza. Kamba zikaja, nzito kuliko za redio, zina nyama. Nikaona midomo yake inasogea. Nikasogea. Midomo inasogea, na kwangu hakuna kitu, hata pumzi. Nikainama mpaka naona jasho kwenye mdomo wake wa juu. Kamba tu. Na wimbo ulikuwa unakwenda, nauona unakwenda, kama basi ulilolikimbilia.

Mkono wangu ukafanya ulichofanya maisha yake yote. Nikafumba macho na kuweka kiganja juu ya ubao.

Kila kitu kikafa. Nilipofumbua macho, alikuwa ameinua vidole vyake hewani, mke wake ametazama ukutani. Hakunisukuma. Alingoja nitoe mkono, akaisimamisha inanga nyuma yake.

"Nimekukosea nini?" akaniuliza.

Nilijua nimefanya jambo baya, ila sikujua ukubwa wake. Alinieleza mwenyewe, taratibu, kama unavyomweleza mlevi: inanga ya mtu haiguswi ikiwa inasema. Ni sawa na kumziba mtu mdomo akiwa anaongea na wewe nyumbani kwake. Hata mwanawe hajawahi.

Hapo ikabidi niseme. Nikasema mimi ni msagaji, mashine naisikiliza kwa mkono, sijui njia nyingine. Masikio hayapo. Moja limekufa na la pili linakufa. Nimekuja kutafuta maneno ya huu wimbo kabla halijaisha, na sikupata hata moja.

Alisema kitu kidogo, sikukipata. Kisha akacheka, si kwa ubaya.

"Kiziwi amekuja kwenye inanga," akasema. "Na nusu ya wenye masikio hapa kilimani hawaji."

"Nisemee hayo maneno kwa sauti, basi. Nitaondoka."

"Hayasemwi kwa sauti. Yakisemwa kwa sauti yanakuwa habari tu."

"Nipe habari."

Akatikisa kichwa. Nilikuwa nimeshashika fimbo yangu. Ni mke wake aliyeinuka, akavuta mkeka karibu na kigoda changu, akaniinamia, na kwa ile sauti ya chini, ya kutoka tumboni, ambayo mtu hujifunza akiishi na kiziwi (baadaye niliambiwa mama yake alikuwa hivyo), akaniuliza, "Sikio lipi?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo tangu masika ya mwaka juzi. Watu huchagua wenyewe, wanachagua vibaya, wanakasirika.

"La kushoto," nikasema.

Mpigaji alimtazama mkewe kwa muda. Sijui walisemeshana nini kwa macho, wamekaa pamoja siku nyingi. Mwisho akachukua inanga, akavuta kigoda chake mpaka tukawa tumetazamana, ncha moja akaiweka kwenye paja lake, na ya pili akaiweka juu ya goti langu.

"Mkono unazima," akasema. "Goti acha lilale. Usiguse."

Akaanza upya. Kamba ziliingia kwenye mfupa wa goti, zikapanda paja, zikafika kiunoni na kukaa. Sijui niliite kusikia au niliite nini. Na kwenye sikio la kushoto yule mama alikuwa anarudisha maneno ya mume wake, kavu, bila wimbo, nyuma kwa mstari mmoja.

Ni mtu amerudi kwake kutoka mbali, alikokuwa anamtumikia mwami. Anafika langoni, anaita, haitikiwi. Anaiuliza miti ya lango, mmemwacha nani apite? Anaingia, anauliza mafiga, nani aliwalisha kuni mara ya mwisho? Anauliza jiwe la kusagia, nani atakupigia magoti?

Hapo nilitaka kumwambia kwamba mashine nilileta mimi, hakuna tena haja ya magoti. Mtu anafikiria mambo ya ajabu. Lakini sikusema, maana nilimwona mke wangu, kabla ya ile mashine, kabla ya nyumba ya matofali, amepiga magoti kwenye jiwe kwenye kibanda chetu cha kwanza, mgongo kwangu, anasaga na kuimba kitu nilichokuwa bado nina masikio ya kukisikia. Sikukisikiliza. Nilikuwa na mambo yangu, kama kila mwanaume.

Jiwe linamjibu yule mtu. Kisha anakwenda kwenye kitanda, anakaa, anasema, basi, nitawangoja mimi, kama mlivyoningoja. Ndio mwisho. Kamba zinaendelea peke yake kidogo, zinazunguka zinakaa.

Niliomba apige tena. Akakataa, akasema huo haurudiwi siku moja, mwenye nyumba ameshakaa, utamwinuaje? Akaniruhusu kubaki na ncha ya inanga gotini wakati akijaribujaribu kamba tu. Baadaye mke wake akarudisha chungu motoni, na kuku wakaingia.

Hayo yalikuwa kipupwe kilichopita. Sikio la kushoto limekwisha sasa, lilimalizika kimya kimya wakati wa palizi, hata siku yenyewe siijui. Rafiki yangu wa sokoni alinitafutia spika yenye sanduku la mbao, siyo hizi za plastiki, akanionyesha kwa vidole jinsi ya kuweka kadi. Hatutaniani tena vizuri, utani unataka kujibizana. Ananipiga begani, namkunjia ngumi, basi.

Jumapili mchana nafunga mlango wa nyuma. Naweka sanduku juu ya goti, naweka ule wimbo, nakaa bila kushika kitu. Kamba zikipanda mfupani nayasema maneno mwenyewe, kwa sauti, nyuma kwa mstari mmoja. Jirani yangu aliwahi kuja mbio kuona nagombana na nani. Nilimwashiria aketi. Alikaa kidogo, akaondoka.

Lango nalijua, mafiga nayajua, kitanda nakijua. Kinachonipotea ni kile jiwe lilichomjibu yule mtu. Yule mama aliniambia, nakumbuka pumzi yake sikioni, lakini wakati ule mawazo yangu yalikuwa yamerudi kwenye kile kibanda chetu. Kurudi kumuuliza haisaidii tena, kuandika hajui, angeniambia kwa sikio lipi? Wimbo ukifika hapo nanyamaza. Goti linasikia peke yake, mpaka yule mtu afike kitandani, na mimi naendelea.